Mfuko wa kumi na nne: tunayodanganyana kuhusu pikapu

Shemeji yangu alinunua dabo kebu, ile pikapu yenye safu mbili za viti, kwa hesabu nyepesi. Anajenga Ruai, kwa hivyo siku za wiki gari litapeleka watoto shule na Jumamosi litabeba simiti. Jumamosi ya kwanza tulikwenda hadwea, watu wazima watano ndani ya gari, akaagiza mifuko ishirini. "Si ni gari la tani moja?" Kijana wa kupakia alipofika mfuko wa kumi na nne, springi za nyuma zilikuwa zimenyooka kama rula na taa za mbele zinaangalia matawi ya miti. Akasimama, mfuko begani. "Mkubwa, niendelee?"

Tani moja ya pikapu haihesabiwi kuanzia sakafu ya bodi, lile sanduku la mizigo la nyuma. Ni tofauti kati ya uzito wa gari likiwa tupu na uzito wa juu kabisa ulioruhusiwa na mtengenezaji. Ndani ya tofauti hiyo mnaingia nyote: dereva, abiria, kanopi, ngao ya chuma ya mbele, hata kreti ya soda. Chukua gari la tani moja kamili. Watu watano wa kilo 70 ni kilo 350, zinabaki 650, nazo ni mifuko 13 ya kilo 50. Kijana alikuwa amepitisha mmoja tu, na kitabu cha gari hajawahi kukiona. Tukashuka watatu, tukatafuta matatu, na mifuko mitatu ikaongezwa. Mitatu iliyobaki ilifika baadaye kwa mkokoteni.

Njiani shemeji alipiga simu kuuliza bei ya kuongeza springi. Hii ndiyo dhana ninayoichukia kuliko zote, kwa sababu ina fundi wake, ina duka lake Kirinyaga Road (wazee bado wanaiita Grogan), na mteja hurudi nyumbani ameridhika. Ukiongeza pasi mbili za springi, mkia wa gari unainuka, basi. Breki ni zile zile. Ekseli ni ile ile, na bearingi, na tairi zenye kiwango chake cha uzito kimeandikwa ubavuni. Kule kulala kwa mkia ndiko kulikokuwa kengele. Wewe umelipa pesa kengele izimwe. Halafu mzigo unaongezeka, kwa kuwa gari sasa "halilali". Chesisi ya pikapu ni kama ngazi ya chuma iliyolazwa chini ya gari. Kwenye dabo kebu, sehemu kubwa ya bodi iko juu ya ekseli ya nyuma au imeipita. Ukirundika vitu vizito kwenye mlango wa nyuma kabisa, ekseli inageuka kuwa mhimili wa bembea: mkia unashuka, pua inainuka, usukani unakuwa mwepesi mkononi. Kwa mashimo yetu, chesisi iliyoteswa hivyo inaweza kupinda katikati, mahali kebu na bodi vinapokutana. Pikapu ya namna hiyo utaitambua kwa ufa kati ya kebu na bodi: juu umeachia, chini umebana.

Kuna na lile la ukubwa. Tunaona gari refu, pana, sura kama ya nyati, tunasema hili litabeba nyumba. Lakini pikapu za kisasa zimekua upande wa watu. Bodi ya singo kebu, yenye safu moja ya viti, kama ya Hilux ina urefu wa takribani mita 2.3, ya dabo kebu ni karibu mita moja na nusu. Bati la mita tatu ukiliweka humo, nusu yake inaning'inia nje. Wajapani wana vigari vidogo vya mizigo ambavyo sheria yao inavibana visizidi urefu wa mita 3.4, injini isizidi cc 660 na mzigo usizidi kilo 350, yaani mifuko saba ya simiti. Ukivipima, bodi inakaribia mita mbili. Kigari unachoweza kukiegesha kwenye kivuli cha dabo kebu kinalaza godoro ambalo dabo kebu inalikunja.

"Bila 4x4, yaani bila injini kusukuma tairi zote nne, hiyo si pikapu." Marehemu baba alikuwa na Peugeot 504 iliyosukumwa na tairi za nyuma tu, na ilipanda matope ya Murang'a na magunia ya viazi. Siri ilikuwa magunia: uzito ukikaa juu ya tairi zinazosukuma, zinashika. Pikapu ile ile ikiwa tupu, mvua imenyesha, mkia unateleza kama sabuni, na hata hizi mpya zenye viti vya ngozi ni hivyo hivyo. 4x4 inakusaidia kuondoka. Kusimama, kila gari linategemea breki na tairi zake. Tena pikapu nyingi hazina difu ya katikati, ile inayoziruhusu tairi za mbele na za nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti, kwa hivyo ukiiacha 4x4 kwenye lami kavu, tairi za mbele na za nyuma zinavutana kila kona mpaka gia ilalamike. Na maji ya mafuriko hayaogopi nembo ya 4x4: yakikimbia kwa kina cha sentimita 60, yanaweza kubeba pikapu na dereva wake.

Injini ndogo nitaipita haraka. Watu wanaicheka Isuzu D-Max ya lita 1.9 eti ni injini ya gari dogo la saluni. Ina nguvu ya kuvuta ya Nm 350. Dizeli za zamani za lita tatu zisizo na tabo, zile tunazozililia, zilikuwa na takribani 200. Uvumilivu wa miaka ishirini ni mjadala mwingine, na hapo sibishani na wazee.

La mwisho linanifurahisha. Utamkuta mtu Thika Road ameteremsha mlango wa nyuma wa bodi tupu, eti upepo upite asiunguze mafuta. Mlango ukiwa umefungwa, hewa hujikusanya ndani ya bodi ikazunguka palepale, na upepo mwingine unateleza juu yake kama juu ya kifuniko. Ukiuteremsha, unakivunja kifuniko hicho na gari linaburuta zaidi. Hakuna haja ya maabara. Tupa majani makavu kwenye bodi, funga mlango, endesha, kisha uangalie kwenye kioo: mengi hayakimbilii nyuma, yanasogea mbele na kucheza mgongoni mwa kebu. Turubai lililokazwa vizuri linasaidia. Lililolegea linakupigia ngoma tu.

Siku hizi shemeji akiagiza simiti anakodi kanta, lori dogo la mizigo. Dabo kebu inafuata nyuma taratibu na chakula cha mafundi: sufuria moja ya githeri, imefungwa kwa kamba isiteleze.