Mgongo Uliopinda Ukubwani: Madaktari Wanarekebisha Nini Hasa?

Ulemavu wa uti wa mgongo kwa mtu mzima ni hali ya pingili kuondoka kwenye mpangilio wake kwa mtu aliyekwisha kukua. Mgongo huweza kupinda upande, ukajisokota, au ukainamia mbele hadi mtu akawa anatembea macho yakiwa chini. Wapo walioanza nao utotoni ukazidi kupinda kadiri miaka ilivyokwenda. Wapo ambao mgongo wao ulikuwa sawa maisha yote, kisha baada ya miaka 50 diski, yaani vikingio laini vilivyo kati ya pingili, na viungo vya kiuno vikachakaa upande mmoja kuliko mwingine, na mgongo ukaanza kulala. Na lipo kundi la tatu: watu waliowekewa vyuma wakiwa vijana ili wanyooshwe, wakaja kuumia zaidi walipofika umri wa makamo. Hilo la tatu ndilo lililobadilisha upasuaji huu.

Mwanzo wake haukuwa na chuma hata kimoja. Mwaka 1911, huko New York, Russell Hibbs aliwafanyia upasuaji wagonjwa wa kifua kikuu cha mgongo, ugonjwa uleule ambao hadi leo huleta vibiongo huku Afrika Mashariki. Alichuna mfupa wa nyuma ya pingili ili zinapopona ziote pamoja na kuwa mfupa mmoja. Muda si mrefu njia hiyo ikatumika pia kwa migongo iliyopinda upande. Mgonjwa alifungwa hogo kiwiliwili kizima, akalala miezi akisubiri mfupa ushike.

Miaka ya 1950 polio iliacha watoto wengi na migongo iliyopinda. Paul Harrington, daktari wa Houston, Texas, akabuni fito ya chuma yenye ndoano juu na chini. Alikita ndoano kwenye pingili, kisha akazitanua, na mgongo ukavutika kuelekea kunyooka. Aliitangaza kazi yake mwaka 1962 na ikaenea duniani. Kwa watoto waliokuwa wakibanwa mapafu na mbavu zilizojikunja, ulikuwa msaada mkubwa, na haifai kuudharau.

Tatizo lilikuwa kwamba matokeo yalipimwa kwa picha ya eksirei iliyopigwa kwa mbele au kwa nyuma. Mtu akitazamwa kwa ubavu, mgongo wenye afya haujanyooka: shingo imebonyea ndani kidogo, kifua kimebinuka nyuma, kiuno kimebonyea tena. Fito ya Harrington iliposhuka hadi kiunoni na kutanuliwa, ilifuta ule mbonyeo wa kiuno. Miaka ikapita, diski zilizobaki chini ya chuma zikachakaa, na mtu akaanza kuinamia mbele. Akisimama kukatakata mboga, anakunja magoti na kurudisha makalio nyuma ili kichwa kisitangulie. Misuli ya mapaja inawaka, kiuno kinauma, na baada ya dakika chache anatafuta mahali pa kuegemea. Ukimtazama kwa nyuma, mgongo wake umenyooka vizuri kabisa. Hali hiyo hujulikana kama mgongo bapa, na ilianza kuelezwa waziwazi miaka ya 1970.

Hapo ndipo ilipoingia dhana iliyo kiini cha upasuaji wa leo, yaani ulinganifu wa mwili ukitazamwa kwa ubavu. Mgonjwa hupigwa picha akiwa amesimama, magoti yamenyooka, vidole vimegusa mifupa ya mtulinga ili mikono isizibe mgongo. Kwenye picha hiyo daktari huteremsha timazi, yaani mstari wa wima, kutoka pingili ya saba ya shingo, ile inayojitokeza ukiinamisha kichwa na kupapasa chini ya kisogo. Mstari huo ukipita zaidi ya sentimita 5 hivi mbele ya ukingo wa nyuma wa mfupa ulio chini ya kiuno, mwili unahesabiwa kuwa umetangulia. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani, Steven Glassman na wenzake, walionyesha kwamba kadiri timazi inavyosogea mbele ndivyo maumivu yanavyozidi na uwezo wa kufanya kazi unavyopungua. Ukubwa wa upinde wa kando haukueleza mateso ya mtu mzima vizuri kiasi hicho.

Wafaransa ndio walioipa dhana hii vipimo. Jean Dubousset alieleza kwamba kila mtu ana eneo dogo ambamo mwili hukaa wima kwa nguvu kidogo sana, na akitoka nje yake misuli hufanya kazi bila kupumzika. Wenzake, akiwemo Ginette Duval-Beaupère, wakagundua pembe ndani ya mfupa wa nyonga ambayo kwa mtu mzima haibadiliki. Huyu ana nyuzi 40, yule 65. Mbonyeo wa kiuno unatakiwa ukaribiane na namba hiyo, tofauti isizidi nyuzi 10 hivi. Kwa hiyo hakuna mgongo mmoja wa mfano wa kumfananishia kila mgonjwa.

Vifaa navyo vilikuwa vimebadilika. Raymond Roy-Camille wa Paris alikuwa ameanza kutumia skrubu zinazopita kwenye shina la pingili, yaani daraja la mfupa linalounganisha nyuma na mbele yake, mwaka 1963, na miaka ya 1980 Yves Cotrel na Dubousset wakaleta mfumo wa fito mbili zinazoshika pingili nyingi na kuweza kuuzungusha mgongo. Kwa mgongo uliokakamaa, skrubu hazitoshi, mfupa lazima ukatwe. Njia ya Smith-Petersen ya 1945 hupunguza vipande vya nyuma na kurudisha takriban nyuzi 10 kwa kila pingili. Njia nyingine, iliyotangazwa na Thomasen mwaka 1985, huondoa kipande chenye umbo la V hadi ndani ya mwili wa pingili, ile sehemu yake nene ya mbele, kisha pengo hufungwa polepole huku neva zikiwa wazi mbele ya macho. Hurudisha takriban nyuzi 30 kwa mkupuo mmoja.

Gharama yake ni kubwa. Utafiti wa kimataifa wa Scoli-RISK-1, uliofuatilia watu wazima waliofanyiwa upasuaji mgumu wa aina hii, ulikuta takriban 22 kati ya kila 100 wamepungukiwa nguvu za miguu walipotoka hospitali. Baada ya miezi 6 walikuwa takriban 11. Mtu aelezwe namba hizi kabla ya kusaini fomu, kwa lugha anayoielewa, na ndugu zake wakiwepo. Ulinzi umeongezeka. Miaka ya 1970 mgonjwa aliamshwa katikati ya upasuaji na kuambiwa achezeshe vidole vya miguu. Leo nyaya hupima mawimbi ya neva muda wote akiwa kwenye nusu kaputi. Dawa ya traneksamiki hupunguza damu inayopotea. Mahali mfupa ulipokatwa, ambapo fito zilikuwa zikivunjika, madaktari wengi sasa huongeza fito ya tatu au ya nne.

Badiliko la karibuni zaidi linanigusa kuliko yote, kwa sababu ni la kujizuia. Madaktari walipopata uwezo wa kurudisha nyuzi nyingi, walikuta pingili iliyo juu ya skrubu ya mwisho inainama au kupasuka, hasa kwa wazee wenye mifupa myepesi waliorekebishwa kupita kiasi. Kuanzia mwaka 2016 hivi, Frank Schwab, Virginie Lafage na wenzao wakapendekeza malengo yanayofuata umri. Mtu wa miaka 75 huegemea mbele kidogo kwa asili, na hana haja ya mgongo wa miaka 30. Upimaji wa uimara wa mifupa umekuwa sehemu ya maandalizi, na wengine hutibiwa mifupa kwa miezi kadhaa kabla ya kuguswa na kisu.

Lipo swali ambalo vipimo hivi havilijibu. Vyuma vikitoka kifuani hadi nyonga, kiuno hakikunjiki tena. Kinachobaki ni nyonga na magoti. Anayetumia choo cha kuchuchumaa, anayesujudu mara tano kwa siku, anayefua kwenye beseni chini au kupalilia kwa jembe la mkono, amweleze daktari hayo kabla haijaamuliwa vyuma viishie pingili gani.