Sarafu ishirini mezani: watu wanavyoidhani kanbani na ilivyo

Jumamosi moja tulikaa watu watano kwenye ofisi ya kupanga pale Kijitonyama, feni ikizunguka kwa kujivuta, tukipindua sarafu za mia mbili ili kujifunza kanbani, yaani namna ya kuendesha kazi kwa kadi ubaoni huku ukiweka kikomo cha zinazoendelea kwa wakati mmoja. Mama anayetuletea chakula alituchungulia mlangoni akauliza kama tumeanza kamari. Swali la haki kabisa, maana hata mezani kulikuwa na mmoja aliyekuwa akinung'unika, na nung'uniko lake ndilo la kwanza kati ya dhana ninazozijibu hapa moja moja.

“Mchezo ni kupoteza muda, tuonyesheni slaidi tukapumzike.”

Mchezo wenyewe ni huu. Sarafu 20, wafanyakazi wanne, na mteja mmoja anayeshika saa. Kila mfanyakazi anazipindua zote, moja baada ya nyingine, kwa mkono asiouzoea, kisha anampasia jirani. Duru ya kwanza hupasii mpaka umalize zote 20. Ya pili unapasia tano tano. Ya tatu, moja moja.

Tuseme kila sarafu inakula sekunde moja. Kwa fungu la 20, mteja anasubiri sekunde 80 bila kuona hata moja. Kwa tano tano, zote zimemfikia sekunde ya 35, na tano za mwanzo alishazipata sekunde ya 20. Kwa moja moja zinaisha sekunde ya 23, na ya kwanza inatua mkononi mwake sekunde ya 4. Wala hakuna aliyeongeza kasi ya vidole. Sisi vidole vilikuwa vizito kuliko hesabu hii, lakini tofauti ilijionyesha vilevile. Slaidi ingeyasema hayo hayo, tukaitikia kwa kichwa huku tukijibu meseji. Kukaa wa nne, mikono umeikunja, ukimwangalia wa kwanza akihangaika na sarafu ya 17, hakusahauliki.

Mkazi wa Kigamboni haelezwi sana hapa. Pantoni la Magogoni linabeba kwa mkupuo: hata uwe umepanda wa kwanza, unawasubiri wenzako, na ng'ambo mnamwagika wote pamoja kugombea daladala. Programu inayotolewa mara moja kila miezi mitatu ni pantoni.

“Kila mtu akiwa bize, kazi zinaenda.”

Hii ndiyo iliyotuumiza zaidi. Tulikuwa tunamuunganishia mteja malipo ya simu, kila developa (mwandishi wa programu) ana kazi tatu mkononi, zote “zimebaki kidogo tu”. Ijumaa hadi Ijumaa mteja anaambiwa karibu. Ukienda kuangalia, kazi tisa zimejipanga kwa dada mmoja wa majaribio, na madevelopa watatu, kwa bidii zao zote, wanaandaa ya kumi.

Mwaka 1961 Mmarekani John Little alichapisha uthibitisho wa kihisabati wa jambo ambalo kila mpanga foleni analihisi: wastani wa vitu vilivyomo ndani ya mfumo ni sawa na kasi ya kuingia kwake mara muda ambao kila kimoja kinakaa humo. Lete hilo ofisini. Kazi 12 zimeanzwa, timu inamaliza 3 kwa wiki: kila kazi itakaa wastani wa wiki 4. Zibaki 6 kwa kasi ileile ya kumaliza, zinakuwa wiki 2. Sharti ni kwamba kwa muda mrefu zinazoingia na zinazotoka zilingane, na hapo ndipo wengi wetu tunapoanguka, kwa sababu kusema “hiyo ngoja kwanza” mbele ya bosi kunahitaji moyo.

“Kanbani ni ubao wa karatasi za rangi.”

Ubao usio na kikomo ni orodha iliyobandikwa ukutani, basi. Kinachofanya kazi ni ile namba juu ya kila safu, yaani kila hatua ya kazi, inayosema mwisho ni kadi ngapi. Safu ya majaribio ikijaa, developa haanzi kitu kipya. Anageuka kusaidia kilichokwama.

“Ni mambo ya watu wa kompyuta.”

Yalianzia kiwanda cha magari. Taiichi Ohno wa Toyota alivutiwa na supamaketi za Marekani, ambako rafu hujazwa kwa kadiri wateja wanavyochukua, akaleta utaratibu wa kadi kiwandani. Mangi wa mtaani kwako anaujua: haagizi katoni nyingine ya sabuni mpaka rafu ionyeshe pengo. Kwenye programu ulikuja kushika kasi baadaye sana, kwa kazi ya David J. Anderson, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 2010.

“Kwa kanbani huwezi kumwahidi mteja tarehe.”

Unaweza, ila uandike kila kadi ilianza lini na iliisha lini. Kati ya kadi 20 zilizopita, kama 17 ziliisha ndani ya siku 10, mwambie mteja hivyo hivyo. Ni afadhali mara mia kuliko “wiki ijayo, inshallah” tuliyozoea.

“Tumecheza, tumeshajua.”

Hapa nawapa haki walionuna. Sarafu zote zinafanana na hakuna inayorudishwa. Kazi za kweli zinarudi zikiwa na hitilafu, na mteja anabadilisha mawazo katikati. Ndiyo maana ipo michezo mirefu zaidi kama getKanban, uliobuniwa na Russell Healy wa New Zealand, unaotumia dadu ili bahati mbaya nayo ipate nafasi.

Sisi tulibaki na sarafu zetu. Jumatatu tukaandika 3 juu ya safu ya majaribio. Saa nne asubuhi ilikuwa imejaa. Developa mmoja alisimama, akazunguka meza, akaenda kunywa maji, akarudi. Mwisho akavuta kiti kando ya yule dada: “Haya dada, nipe hiyo simu moja nikusaidie kujaribu.”