Mtoto kapangwa JV: tunayoyaamini na yalivyo hasa

Kila mwaka mchujo wa timu za mpira za shule ukimalizika, simu yangu haitulii. Wanaopiga ni wazazi wenzangu hapa Louisville, jimbo la Kentucky. Wengi wametoka Kongo na Burundi, wengine Kigoma, wengine Nairobi, na lalamiko lao ni moja: "Mwanangu fundi, wewe mwenyewe umemwona. Iweje wamtupe JV?" Misimu kadhaa sasa nimekuwa nikisaidia timu ya JV (junior varsity, timu ya pili ya shule) kwa kazi ambazo hakuna anayezigombea: kukusanya fomu, kubeba maji, kupanga nani anampeleka nani, na kumtafsiria kocha. Kazi hizo zimenionyesha mahali vijana wetu wanapokwama. Ni mara chache kukuta tatizo liko miguuni. Wengi hukwamia mezani, kwenye karatasi iliyotakiwa Juni.

"JV ni timu ya walioshindwa"

Sekondari ya Marekani ina madarasa manne, la 9 hadi la 12. Timu kubwa inaitwa varsity, na JV iko chini yake, aghalabu ikiwa na vijana wa darasa la 9 na la 10 na wachache wa la 11. Shule kubwa huwa na timu ya tatu. Kocha anapogawa majina haulizi tu nani anajua mpira. Anauliza pia nani atapata dakika. Kijana wa miaka 15 anayecheza karibu mechi nzima JV atakuwa mbali mwakani kuliko mwenzake aliyevaa jezi ya varsity akashinda amekaa benchi. Wapo pia wanaocheza kotekote: kipindi kimoja JV, kisha jioni hiyo hiyo wanakaa na wakubwa. Majimbo kadhaa yameweka kikomo cha vipindi ambavyo mchezaji mmoja anaweza kucheza kwa siku, kwa hiyo ukimwona kocha anamtoa mwanao wakati anang'ara, huenda anamwekea akiba ya baadaye usiku ule.

Jambo ambalo wazazi hawaambiwi mapema ni hili: kijana wa darasa la 12 aliyekosa varsity kwa kawaida hapewi JV. Anaachwa kabisa. Makocha wengi hawataki nafasi ya kukuzia wadogo ichukuliwe na mtu anayehitimu baada ya miezi michache. Anayeumizwa hasa na utaratibu huu ni kijana wetu aliyeingia nchini juzi akapangwa darasa la 11 na hakujaribu timu mwaka ule kwa sababu aliona JV ni aibu.

"Kipaji kwanza, karatasi zitafuata"

Hapa ndipo penye kilio, kwa hiyo mnivumilie.

Bila fomu, mtoto haruhusiwi kugusa mpira hata siku ya kwanza ya mchujo. Awe na miguu ya dhahabu, kocha atamwambia akae pembeni, maana akiumia bila karatasi hizo shule itakuwa matatani. Zinatakiwa fomu ya daktari, ridhaa ya mzazi, habari za bima, na karatasi ya mtikisiko wa ubongo ambayo mzazi na mtoto wote husaini. Kumbukeni kwamba uchunguzi wa afya mliofanyiwa mlipoingia Marekani sio huu. Fomu ya michezo ina kurasa zake na daktari lazima asaini pale pale panapotakiwa. Nendeni Juni, kliniki zikiwa na nafasi. Julai kila mzazi mjini anaitafuta fomu hiyo hiyo.

Hiyo karatasi ya ubongo tunaisaini bila kuisoma. Mwaka 2006 mvulana wa miaka 13 wa jimbo la Washington, Zackery Lystedt, aligongwa kichwa kwenye mechi ya futiboli ya Kimarekani, akarudishwa uwanjani, akapata ulemavu mkubwa. Mwaka 2009 jimbo lake likapitisha sheria yenye jina lake, na kufikia 2014 majimbo yote yalikuwa na sheria ya namna hiyo. Anayeshukiwa kupata mtikisiko anatolewa, na harudi mpaka mtaalamu wa afya aandike kwamba amepona. Kwetu ukigongwa kichwa unamwagiwa maji, unaulizwa "vidole vingapi?", unarudi kucheza. Nimeshaona baba akimfokea kocha kwa lugha tatu kwamba mwanawe ni mwanamume. Kocha hakuwa na uamuzi wa kufanya, kwa kuwa sheria ilikwisha kumwamulia.

Halafu kuna umri. Wengi tuliopitia kambini karatasi zetu zinasema tumezaliwa tarehe 1 Januari, kwa sababu aliyetuandikisha hakupata tarehe kamili na akaweka hiyo. Kentucky haimruhusu kucheza aliyetimiza miaka 19 kabla ya tarehe 1 Agosti, na majimbo mengi yana kanuni inayokaribiana na hiyo. Sasa fanya hesabu. Kijana karatasi zake zinasema 1 Januari 2008, akaanza darasa la 9 mwaka 2024. Atatimiza 19 Januari 2027, na msimu wa vuli wa mwaka huo, akiwa darasa la 12, atautazama akiwa jukwaani. Kama kweli alizaliwa Septemba, mwaka mmoja umekwenda kwa kalamu ya karani. Kurekebisha tarehe ni safari ndefu yenye vielelezo na pengine mwanasheria. Haiwezekani kuianza wiki ya mchujo, na kughushi ndiyo njia ya kupoteza mambo makubwa kuliko mpira.

Juu ya hapo kuna saa nyingine. Tangu siku anapoingia darasa la 9, mwanafunzi ana miaka minne mfululizo ya kucheza, na saa hiyo haisimami hata kama hachezi. Anayesema "mwaka huu nitapumzika, mwakani nitaingia varsity moja kwa moja" hajaweka akiba yoyote.

Na alama za darasani: Texas ilipitisha mwaka 1984 kanuni kwamba asiyefaulu hachezi, kiwango kikiwa 70. Kwingine hesabu ni tofauti, ila karibu kila mahali alama zinatazamwa. Mwulizeni kocha alama zinakaguliwa lini, kisha mkae na mtoto siku chache kabla.

"Msimu ni kama UMISSETA: utatangazwa, tutaenda"

Aliyesoma Tanzania anaukumbuka mtindo ule wa mashindano ya shule za sekondari. Mnachaguliwa, mnaingia kambini, mnacheza mfululizo, mnarudi na kikombe au na vumbi. Huku msimu unatandazwa miezi miwili na nusu hadi mitatu, mechi moja mbili kwa wiki na mazoezi karibu kila siku baada ya masomo. Na majira hayafanani. Kentucky wavulana na wasichana wote wanacheza vuli. Vuka mpaka uingie Tennessee: wasichana vuli, wavulana majira ya kuchipua. Georgia na Iowa ni majira ya kuchipua, Texas ni Januari hadi Aprili. Familia inayohama kutoka Nashville kuja Louisville mwezi wa kumi ikitegemea kijana atacheza machi inakuta msimu umeshazikwa. Wa Texas nao wana suala la Ramadhani, ambayo miaka hii inaangukia katikati ya msimu wao. Kocha akiambiwa mapema anaweza kupunguza mazoezi au kumpa mtoto nafasi ya kufuturu mapumzikoni. Asiyeambiwa atadhani kijana amekuwa mvivu.

Kuna tofauti nyingine inayowashangaza watu: JV haina ubingwa wa jimbo. Msimu wao ukifika mwisho wa ratiba umekwisha, hata wakishinda zote. Wale wakubwa ndio wanaoendelea na mtoano.

"Ratiba anapanga kocha, tumlaumu yeye"

Kocha wa JV, ambaye mara nyingi ni mwalimu anayelipwa posho ndogo, anapokea ratiba kama mnavyoipokea ninyi. Mechi hukubaliwa miezi kadhaa kabla kati ya wakurugenzi wa michezo wa shule mbili, na wao ndio wanaotafuta basi, uwanja na waamuzi. JV hucheza uwanja ule ule siku ile ile kabla ya varsity, ili basi moja litoshe. Ndiyo maana mtoto aliyemaliza mechi yake saa kumi na mbili na nusu anafika nyumbani saa nne usiku. Alibaki na timu.

Upungufu wa waamuzi unaharibu mengi. Shirikisho la kitaifa la michezo ya sekondari, NFHS, lilieleza kuwa waamuzi takribani 50,000 waliacha kazi hiyo kati ya msimu wa 2018–19 na ule wa 2021–22, na matusi ya wazazi ni mojawapo ya sababu zinazotajwa sana. Waamuzi wakipungua, mechi ya kwanza kusogezwa au kufutwa ni ya JV. Ikichezwa, huenda wakaja wawili badala ya watatu. Kwa hiyo ukiona ofsaidi imepita, hakuwepo wa kuiona.

Radi nayo ina kanuni yake: ikisikika, wote ndani, na mchezo hauanzi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Ikinguruma tena dakika ya 29, mnaanza kuhesabu upya. Kwa mzazi anayeingia zamu ya usiku ghalani hilo ni janga. Sisi tulilitatua kwa orodha ya magari: kila familia yenye gari inachukua mtaa mmoja, na majina yanabandikwa kabla mechi ya kwanza haijachezwa. Kundi la WhatsApp peke yake halikusaidia, kwani saa tatu usiku wote wanasoma na hakuna anayejibu.

"Mpira ni mpira, sheria ni zile zile"

Sekondari nyingi zinafuata kitabu cha NFHS, si cha FIFA. Mchezaji anatoka na kurudi mara nyingi apendavyo kocha, kwa hiyo kutolewa dakika ya 15 si adhabu. Akipewa kadi ya njano lazima atoke kwanza. Saa ya ubaoni inahesabu kurudi nyuma, ikifika sifuri mpira umekwisha, hakuna dakika za nyongeza za kumlilia refa. Vikinga ugoko viwe na muhuri wa NOCSAE, chombo cha Marekani cha viwango vya vifaa vya michezo; vile vya sokoni visivyo na alama hiyo vinarudishwa. Hereni, cheni na bangili zinavuliwa. Mtandio wa dini unaruhusiwa.

"Wasichana wetu hapo hawana nafasi"

Wanayo tangu 1972, mwaka wa sheria ya Title IX inayozitaka shule zinazopokea fedha za serikali kuu zisimbague mtu kwa jinsia, michezoni kukiwemo. Nikisema ukweli, JV ya wasichana ndiyo inayotafuta watu. Kuna shule ambako wavulana sitini wanagombea nafasi ishirini, na upande wa pili kocha anapita madarasani akiomba. Mama mmoja wa Uvira alikataa kwa sababu hakujua binti yake analala wapi wakisafiri. Hawalali popote. Mechi za JV ni za jirani, wanarudi jioni ile ile na basi la shule, na mwalimu yumo. Alipolijua hilo tu, akasaini. Swali lake halikuwa la dini wala mila, lilikuwa la usafiri, ila hakuna aliyekuwa amemjibu kwa Kiswahili. Ombeni mkalimani, wilaya nyingi zenye wakimbizi wanaye hata kwa simu.

"Asipocheza varsity sasa, ufadhili wa chuo umepotea"

Ufadhili wenyewe ni mchache kuliko tunavyodhani. Kwa miaka mingi, hadi kanuni zilipobadilika 2025, timu ya wanaume ya daraja la kwanza la NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, ilikuwa na ufadhili 9.9 wa kugawa kikosi kizima, na daraja la tatu halitoi ufadhili wa michezo kabisa. Makocha wa vyuo nao huwatafuta zaidi vijana kwenye mashindano ya klabu kuliko mechi za shule. Kijana wa miaka 15 aliyeko JV hajafungiwa mlango wowote.

Hilo halifanyi mpira wa shule kuwa mchezo wa kupitisha muda. Mwaka 2015 Lewiston, mji mdogo wa Maine, ulitwaa ubingwa wa jimbo kwa kuifunga Scarborough 1–0, kikosi kikiwa kimejaa watoto wa wakimbizi wa Kisomali, baadhi yao waliokulia kambi za Kenya.

"Fomu ya mwaka jana bado ipo ofisini"

Ipo, lakini huenda imekufa. Katika majimbo mengi fomu ya daktari inadumu mwaka mmoja tangu siku iliposainiwa. Iliyosainiwa Septemba 20 mwaka jana inakubalika mchujoni, inakubalika mechi za kwanza, kisha asubuhi moja ya Septemba jina la mtoto linawaka jekundu kwenye kompyuta ya shule. Niliwahi kumshusha kijana kwenye basi kwa sababu hiyo, njumu zikiwa zimeshafungwa. Tangu siku hiyo safu ya kwanza ya daftari langu ni tarehe ya daktari. Jina linafuata baadaye.