Kwata Haimfundishi Mlinzi Kuandika OB

Kila kampuni inapotaka walinzi wapya, husikika maneno yale yale: "Huyu kijana ni mrefu, ana kifua, haogopi mtu. Mpe wiki mbili za kwata aende lindoni." Yanachosha, na yanaharibu kazi ambayo watu wanaitegemea kulala usingizi.

Kwata ina faida yake. Inamzoesha mtu kusimama muda mrefu, kusikia amri na kuvaa sare ipasavyo. Siku tatu zinatosha. Mlinzi hashindwi na kazi kwa kukosa misuli. Anashindwa na kalamu, na macho, na kutojua sheria inamruhusu nini.

Tuanze na kalamu. Fungua OB, yaani kitabu cha matukio, ya lindo la usiku: 1900 hali shwari, 2000 hali shwari, 2100 hali shwari, hivyo hivyo mpaka 0600. Wino ni mmoja, mwandiko ni mmoja, na mistari imenyooka kama ya mtu aliyekaa mezani mara moja tu. Ndivyo ilivyokuwa: yote iliandikwa alfajiri, msimamizi akiwa njiani. Siku mali ikipotea, kitabu hicho kitamwangusha mlinzi mwenyewe.

Kuna kosa jingine ambalo halisemwi vya kutosha, nalo linahusu lugha yetu. Sisi tunahesabu saa kwa Kiswahili. Mlinzi anamwona mtu akiruka ua saa nane usiku, anaandika "8.00". Anayesoma asubuhi anaelewa saa mbili. Kamera inatafutwa kwenye 0800, kisha 2000, haionyeshi kitu, na mlinzi mkweli anaonekana mwongo. Tukio lilikuwa 0200. Kwa hiyo mkufunzi akae na wanafunzi, saa ya ukutani mbele yao, wageuze saa za Kiswahili kuwa za mfumo wa saa 24 mpaka waache kuhesabu vidole. Saa za mchana, ongeza sita: saa kumi jioni ni 1600. Saa moja mpaka saa tano usiku, ongeza kumi na nane: saa tatu usiku ni 2100. Saa sita usiku ni 0000. Kuanzia saa saba, toa sita.

Hapo kwenye 0000 ndipo tarehe inapobadilika. Aliyeingia zamu Jumatatu jioni bado anaona ni "usiku wa Jumatatu" hata ikiwa 0130, lakini kitabuni hiyo ni Jumanne. Piga mstari, andika tarehe mpya, endelea. Nusu saa ya zoezi hili kila siku kwa wiki nzima si nyingi.

Na andika ulichoona, si ulichoamua. "Niliona mwizi" ni hukumu, na hukumu si kazi yako. Andika: "0212. Mwanamume mmoja, shati jekundu, ameruka ua karibu na jenereta, amekimbilia barabarani. Nimepuliza filimbi, nimeita ofisi kwa redio." Ukikosea, kata kwa mstari mmoja unaosomeka, tia saini pembeni. Usifute, usiruke mstari, usitumie penseli.

Sasa geti. Mashine ya mkononi ya kukagulia chuma ijaribiwe kila mwanzo wa zamu kwa kitu unachojua ni chuma, kama ufunguo, kwa sababu betri ikichoka mashine inaweza kunyamaza bila kukuarifu. Ishike karibu na mwili bila kuugusa, anza begani, shuka upande mmoja, panda mwingine, kisha mbele na nyuma. Kila mlio uwe na jibu: mtu aonyeshe mkanda au funguo, pitisha tena mahali pale pale. Ikilia ukamwambia "pita tu", hujakagua. Mwanamke akaguliwe na mwanamke, kwa staha.

Kioo cha kukagulia chini ya gari kinanitia shaka, na nasema wazi. Mlinzi anakizungusha sekunde mbili bila kujua chini ya gari la kawaida pakoje. Mpeleke gereji mchana, mwonyeshe tangi, ekzosi na matao ya magurudumu ya Probox, ya matatu, ya pikapu. Akishajua kilicho cha kawaida ataona waya unaoning'inia, gundi mpya, au mahali palipopanguswa katikati ya tope. Bila hilo, kioo ni pambo.

Sheria watu huipitia haraka, nami nitakaza mawili. Mlinzi wa Kenya akimkamata mtu, anamkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Hamfungii stoo, hampigi, hamwachii umati. La pili ni vitambulisho. Sheria ya 2016 inayodhibiti ulinzi wa kibinafsi inamruhusu mlinzi wa getini kukishika kitambulisho cha mgeni kwa muda. Binafsi naona kukisoma, kuandika na kukirudisha kunatosha, maana rundo la vitambulisho kwenye boksi ni mali ya watu inayosubiri kupotea. Na daftari la wageni lisiachwe wazi mezani kila anayefika asome namba za simu za waliomtangulia. Sheria ya 2019 ya kulinda data inahusu hilo pia.

Anayedhani kazi hii ni kifua, akumbuke tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani, Nairobi. Lori lenye bomu lilifika geti la nyuma, na walinzi Wakenya, wasio na bunduki, wakakataa kulifungulia. Zaidi ya watu 200 walikufa siku hiyo, lakini lori halikuingia chini ya jengo. Uamuzi ule haukutoka kwenye kwata. Kuna funzo jingine pale: baada ya kishindo cha kwanza wengi walienda madirishani kutazama, na vioo vikawakata. Mlinzi afundishwe kuwapigia watu kelele: laleni chini, mbali na madirisha.

Kuhusu zamu ya usiku yenye urefu wa saa kumi na mbili, sijui mafunzo yanayoweza kumfanya mtu awe macho saa kumi alfajiri kama alivyokuwa saa mbili usiku. Ninachoamini ni makabidhiano. Anayeingia afike dakika kumi mapema, ahesabu funguo moja moja, ajaribu redio na tochi, wazunguke lindo lote wawili, ndipo atie saini. Kufuli ikiwa imevunjwa, iandikwe kabla ya saini yake.