Kutua Mara Tatu Hakujakuandaa kwa Lolote

Jumanne jioni nilipigiwa simu na mzee mmoja niliyemfundisha urubani miaka iliyopita. Ana leseni, ana saa zake mia nne na ushei za kuruka, na ndege yake ya viti vinne analaza pale Wilson, uwanja wa ndege ndogo wa Nairobi. "Mwalimu, Jumamosi nawapeleka wajukuu pwani, Ukunda. Juzi nimetua mara tatu, kwa hiyo niko sawa."

Nikamwuliza, "Mzee wangu, mara ya mwisho kughairi kutua ukapaa tena ilikuwa lini?"

Akanyamaza kidogo. "Lakini Mwalimu, sijawahi kulazimika."

Jibu hilo nimelisikia mwaka huu mpaka nimechoka, ndiyo maana naandika.

Kanuni ya kupaa na kutua mara tatu ndani ya siku 90 inakupa ruhusa ya kubeba abiria. Ni ruhusa tu. Watu wameigeuza kuwa cheti cha umahiri, na hapo ndipo ninapokasirika. Ukipaa asubuhi tulivu, upepo ukiwa usoni, ukazunguka mara tatu na kutua, umefanya kile ambacho mikono yako haikisahau. Kinachooza ni kile usichokigusa.

Chukua huko kughairi kutua. Wilson iko karibu futi 5,500 juu ya bahari. Mchana wa Februari, joto likifika nyuzi 27, hewa ya pale inaitendea ndege kana kwamba iko futi 8,000. Injini isiyo na turbo imeshapoteza karibu robo ya nguvu zake kabla hujagusa chochote. Sasa uko juu ya mwanzo wa njia ya kutua, flapu (vibao vya nyuma ya mabawa) zote chini, mnara wa kuongozea ndege unakuamuru upae tena kwa sababu kuna ndege haijatoka njiani. Mkono wako unafanya nini?

Wengi ninaokaa nao husukuma kila kitu mbele kwa pamoja: throto, yaani kiongeza nguvu, na kile kitufe chekundu cha mchanganyiko wa mafuta na hewa. Ndivyo walivyokariri. Ukunda, usawa wa bahari, ni sahihi kabisa. Wilson mchana unaisonga injini kwa mafuta yasiyo na hewa ya kutosha kuyaunguza, na unapunguza nguvu sekunde ile ile unayozihitaji. Mchanganyiko unapangwa kabla ya kushuka, kwa hewa ya pale unapotua, kisha unauacha hapo hapo. Halafu pua: uliisawazisha kwa mwendo wa polepole, kwa hiyo nguvu zikiingia inainuka yenyewe, na usiposukuma usukani mbele kwa mkono mzima, mwendo unakwisha. Mguu wa kulia nao usilale kwenye pedali. Flapu kwanza hadi nyuzi 20, zilizobaki kidogo kidogo ndege ikishashika mwendo. Ukizipandisha zote kwa mpigo ndege inazama, ukiziacha zote chini haipandi. Mengi ya hayo ni kazi ya sekunde chache. Hayawezi kutoka kwenye kumbukumbu ya miaka sita.

Nikiwauliza watafanya nini injini ikizimika baada ya kupaa, wengi wananijibu haraka: "Nitageuka nirudi." Ukilaza ndege nyuzi 45, mwendo ambao bawa linaacha kubeba unapanda kwa asilimia 19, ukilaza 60, kwa asilimia 41. Na kwenye hewa ile ya futi 8,000, kwa mwendo ule ule unaousoma kwenye saa ya mwendo na ulalo ule ule, nusu kipenyo cha mzunguko wako kinapanuka kwa zaidi ya robo kuliko pwani. Ulichojaribu Ukunda kikafaulu hakitakutosha Wilson.

Mawingu nitayapitia upesi. Asubuhi za Julai, vilima vya Ngong vikiwa vimefunikwa, kila mtu anaamini atapenya kidogo tu. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kiliwajaribu wanafunzi 20 wasio na uzoefu wa kuruka kwa kutazama vyombo tu bila kuona nje, na kwa wastani walipoteza udhibiti ndani ya sekunde 178. Walipofundishwa utaratibu mfupi wa kugeuka na kurudi walikotoka, hali ilibadilika kabisa. Ujuzi huo upo na ni mfupi, lakini unahitaji kurudiwa.

Sasa niseme linaloninyima raha. Ninapovuta throto juu ya mbuga ili kuigiza injini kuzimika, mwanafunzi anajua ni mimi. Ameketi nami nusu saa akiningojea nifanye hivyo. Pua anaishusha mara moja, uwanja anauchagua vizuri, nami namwekea alama. Injini ikizimika kweli, mtu huganda kwanza, anaiangalia saa ya mafuta, haamini. Sina hakika kwamba zoezi langu linaigusa ile sekunde ya kuganda. Na kwa miaka nilifundisha "usirudi kamwe", wakati ukweli ni kwamba upo urefu kutoka ardhini ambao kurudi kunawezekana. Siku hizi tunaupima pamoja juu angani, kwa ndege yake mwenyewe, na kabla ya kila kupaa anautaja kwa sauti. Bado naogopa kwamba kuupima huko kutampa mtu ujasiri siku isiyofaa.

Mzee alikuja Alhamisi saa nane mchana. Saa hiyo niliichagua makusudi. Mara ya kwanza alisukuma vyote viwili. Injini ikaguna kwa sauti nzito, mshale wa kupanda ukakaa karibu na sifuri, paa za mtaa wa South C zikaja karibu kuliko nilivyopenda, nikakivuta kitufe chekundu mwenyewe. Hakusema neno mpaka tulipogeukia tena upande wa mbuga. Mara ya tatu aliishikilia pua isiinuke lakini akasahau flapu. Mara ya tano mkono wake ulipita kando ya kile chekundu bila kukigusa.

Wajukuu walingoja wiki moja. Jumamosi iliyofuata, saa moja asubuhi, kabla hawajapaa, mmoja wao alinitumia picha kwa simu ya babu yake: kidole cha mzee kando ya kitufe chekundu, kikiwa kimevutwa kidogo kuja kwake.