Mediterania si bwawa

Karibu kila anayesikia kwamba nusu ya mwaka huishi ndani ya mashua ya matanga katika visiwa vya Ugiriki huniambia kwamba Mediterania ni bwawa: maji hayapwi wala hayajai, nchi kavu imeizunguka, na wakati wa kiangazi mbingu ni buluu tupu. Juzi amelirudia shemeji yangu wa Mombasa, ambaye kwa kutweka tanga ananishinda mbali, ndipo nikaona heri niandike mara moja nipumzike.

Habari ya maji ni kweli, ila watu huitafsiri kinyume. Ukiacha pembe chache kama Ghuba ya Gabès nchini Tunisia, maji huku hupanda na kushuka kwa sentimita 30 hivi, ilhali Mombasa wakati wa bamvua tofauti hukaribia mita 4. Kwa hiyo ukikwama mwambani huna maji ya kungoja yaje kukuinua. Na ukitaka kukwangua makombe na kupaka rangi chini, ni lazima mashua inyanyuliwe kwa winchi, nawe ulipie kila siku inayokaa nchi kavu, wakati mwenye jahazi wa kwetu hulipweleza ufukweni akapaka deheni yake bure.

Kinachoniudhi hasa ni hiyo mbingu buluu. Meltemi, upepo wa kaskazini unaotawala bahari ya Aegean mwezi wa Julai na Agosti, huvuma kwa sababu mgandamizo wa hewa ni mkubwa Balkani na mdogo Anatolia, yaani Uturuki ya Asia, na mgandamizo huo mdogo ni mkia wa ule wa Asia Kusini unaovuta kusi kupita pwani yetu. Ni jamaa wa kusi, basi, lakini hauleti wingu wala mvua ya kukuonya. Jua linawaka, watalii wanakunywa kahawa gatini, na nje upepo umefika nguvu ya 7 katika kipimo cha Beaufort, yaani kilomita 50 hadi 61 kwa saa, ukisukuma mawimbi mafupi yanayofuatana upesi hata omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, haijamaliza kupanda moja kabla ya kulivaa jingine.

Hapo ndipo mgeni hunishauri tujifiche upande wa demani wa kisiwa, yaani ule uliokingwa na upepo, kama vitabu visemavyo. Kisiwa kipi? Nyuma ya kisiwa chenye milima mirefu mawimbi hutulia kweli, lakini hewa iliyorundikana upande wa pili humwagika juu ya mlima na kuporomoka bondeni kwa kasi kuliko ilivyokuwa bahari wazi. Pwani ya kusini ya kisiwa cha Krete, chini ya milima ya Lefka Ori yenye kilele kinachopita mita 2,400, na ghuba ya Batsi katika kisiwa cha Andros, zinajulikana kwa vishindo hivyo. Dalili yake ni wingu jeupe lililong'ang'ania kileleni wakati kwingine kote ni kweupe. Kisha utaona maji yakigeuka meupe chini ya mteremko, mashua inasukumwa kando, mnyororo wa nanga unakazika hadi unalia, unalegea, halafu unavutwa kutoka upande mwingine. Programu za simu hazionyeshi haya, kwa kuwa hugawa bahari katika miraba ya kilomita nyingi, na humo mlima husawazishwa ukawa kilima.

Mimi hupendelea ghuba yenye ardhi isiyoinuka sana upande unakotoka upepo na mchanga chini, si nyasi za baharini za posidonia ambazo nanga huteleza juu yake. Hata hivyo sijapata kanuni ya kumpa mtu. Kuna ghuba ambamo ukitia nanga karibu kabisa na mteremko vishindo vinakuruka, na kuna ghuba ambamo hapo hapo ndipo vinapotua, na mara nyingi sijui niko katika ipi mpaka usiku wa manane.

Kuhusu kibali cha kukaa nitasema kwa ufupi: mgeni wa muda mfupi anaruhusiwa siku 90 katika kila siku 180 ndani ya Schengen nzima, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, na kulala majini hakuzisimamishi. Hatari iliyo kubwa kuliko upepo ni abiria mwenye tiketi ya ndege, kwa sababu Meltemi ukishika siku tano yeye bado anataka kuvuka.

Shemeji, njoo Juni. Septemba nayo ni nzuri, ingawa Septemba 2020 kimbunga Ianos kilivunja vyombo katika visiwa vya Kefalonia na Ithaca. Chukua tiketi inayobadilishwa tarehe.