Umeacha majira, siku hazirudi: maana yake nini?

Wauza dagaa wa soko la Mwaloni, pale Kirumba, Mwanza, wana kalenda yao. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukijaa, taa hazivuti kitu, mitumbwi inapandishwa mchangani na watu wanasubiri. Shoga yangu anayeuza pale aliponiletea shida yake, alinihesabia hivyo hivyo: "Nimeacha majira, mbalamwezi ya pili hii inapita sijaona siku zangu." Majira ndiyo vidonge vya uzazi wa mpango, na siku ni hedhi.

Kabla ya kufika kwangu alishapewa majibu mawili. Jirani yake wa kizimba alimwambia damu imeganda tumboni. Msusi akamwambia vidonge vimejazana kwenye kizazi, kwa hiyo anywe dawa ya kusafisha, na muuzaji anamjua. Hakuna la kweli hapo. Kidonge cha majira kinayeyuka tumboni kama cha maumivu, homoni zake zinaingia kwenye damu, na ukiacha kumeza zinatoka mwilini ndani ya siku chache. Damu nayo haikusanyiki mahali, kwa sababu vidonge vinaufanya utando wa ndani ya mji wa mimba ubaki mwembamba. Hakuna cha kusafisha.

Hali yake ina jina: kukosa hedhi baada ya kuacha vidonge vya uzazi wa mpango. Madaktari huanza kuitilia maanani ikifika miezi mitatu bila damu. Zamani wengine walisubiri hata sita. Chini ya hapo, ikiwa huna mimba, kwa kawaida ni mwili kujipanga tu.

Ili uelewe kwa nini unajipanga, itoe pakiti uitazame. Ile inayotolewa sana kwenye vituo vyetu ina vidonge 28: vyeupe 21 na vya kahawia 7. Vyeupe ndivyo vyenye homoni. Vya kahawia ni madini ya chuma tu, vimewekwa ili usipoteze mazoea ya kumeza kila siku. Ukiwa kwenye vya kahawia, damu inatoka. Hiyo damu karibu kila mtu anaiita hedhi, na kosa la hesabu linaanzia hapo. Ni damu ya mwili kunyimwa homoni ya kidonge kwa siku saba. Hakuna yai lililopevuka mwezi ule. Waliotengeneza vidonge waliupanga mzunguko ufanane na mwezi wa mwanamke, na umefanana kweli, hata wengi wakiacha hushangaa "hedhi yangu ilikuwa haikosei hata siku moja". Isingekosea, ilikuwa inaendeshwa na pakiti.

Hedhi yenyewe huanzia kichwani. Ubongo unaiagiza tezi ndogo ya pituitari, tezi inatoa homoni za FSH na LH, hizo zinaziamsha ovari, yai linapevuka, utando unajengeka, na mimba isipotunga unabomoka. Kidonge kinauambia ubongo kwamba homoni zipo za kutosha, nao unanyamaza. Ni kama mtumbwi uliofungwa kamba ukavutwa na mwenzie: injini yake imezimwa muda wote. Kamba ikifunguliwa inabidi uwashe, na injini iliyolala hailii kwa mvuto wa kwanza. Kwa walio wengi inawaka ndani ya mwezi mmoja hadi mitatu, iwe ulimeza miezi sita au miaka sita.

Sasa neno ambalo nalisema kwa sauti kubwa kuliko mengine: pima mimba kwanza. Yai linaweza kupevuka wiki mbili tu baada ya kuacha, maana yake unaweza kushika mimba kabla ya kuona hata hedhi moja. UPT, kile kipimo cha mkojo cha duka la dawa, inatosha. Ukipima wiki tatu au zaidi tangu ulipokutana na mwanaume mara ya mwisho bila kinga, jibu lake linaaminika. Kama hutaki mtoto, usikae ukisema "siku hazijarudi, sina wasiwasi". Tumia kondomu.

Jina lenyewe la hali hii halinifurahishi, kwa sababu linamtupia kidonge lawama yote. Vidonge vya kwanza, vilivyoruhusiwa Marekani mwaka 1960, vilikuwa na dozi nzito: mikrogramu 150 za estrojeni. Vya sasa vingi vina 30. Mara nyingi miezi ikipita bila damu, tatizo lilikuwapo na pakiti ilikuwa inalifunika. Mtu aliyekuwa na siku za kurukaruka toka usichana, akaanza majira zikanyooka, akiacha zinarudi kurukaruka. Wengine wana ovari zenye vifuko vingi vidogo, dalili zikiwa chunusi na ndevu kidevuni. Tezi ya shingo inaweza kuwa na hitilafu. Kupungua uzito kwa ghafla au msongo mzito wa mawazo pia huzima hedhi, umeze majira usimeze. Na kama unanyonyesha, usitafute mbali: kunyonyesha kwenyewe kunazuia siku.

Usichanganye pia vidonge na sindano. Sindano ya miezi mitatu ndiyo inayochelewesha kweli. Tangu ya mwisho kuchomwa hadi kushika mimba ni wastani wa miezi kama 10, na wengine huvuka mwaka. Hadithi nyingi za "uzazi wa mpango umenifunga kizazi" ninazozisikia kwenye daladala za Igoma, ukimuuliza msimuliaji, alikuwa kwenye sindano. Na hata yeye hakufungwa, alicheleweshwa.

Ikifika miezi mitatu, UPT inasema huna mimba na bado hakuna kitu, nenda kituo cha afya. Usisubiri hiyo mitatu kama maziwa yanatoka na hunyonyeshi, kichwa kinauma na macho yanapoteza nuru, au joto linakupanda ghafla usiku na hujafika miaka 40. Watakupima damu kuangalia homoni na pengine utrasaundi. Likiwa zito watakupa rufaa ya hospitali kubwa, kwetu Mwanza ni Sekou Toure au Bugando. Nenda na tarehe uliyomeza kidonge cha mwisho, na ueleze siku zako zilikuwaje kabla hujaanza majira. Hilo la pili ndilo watu husahau, na ndilo linalomsaidia daktari zaidi.

Shoga yangu alipima, mstari mmoja: hana mimba. Hela ya dawa ya kusafisha akanunulia chumvi ya dagaa. Siku zikaja giza lililofuata, akiwa anaanua kwenye vichanja, na hakuwa na pedi.